Shingo za Wanawake wa Nyumba Yetu

Singida,
Jumapili, tarehe 9 Februari 2025.

Mwanangu Generosa,

Leo ni miaka arobaini na moja tangu nivuke mto Kilombero kwa pantoni mara ya mwisho, nikiwa na sanduku la bati na kichwa ambacho nywele zake zilikuwa zimekwisha kurudi. Kesho unaondoka kwenda Ifakara kuanza kazi yako ya ubwana shamba, au sijui siku hizi mwanamke anaitwaje kwenye kazi hiyo. Wewe na mama yako mmekwenda kuwaaga watu wa jumuiya. Nyumba imenyamaza, nami nina saa mbili, pengine tatu.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na vibaka wa stendi mama yako amekwisha kuzimaliza. Mimi nina jambo moja tu. Nilipaswa kukuambia wiki tatu zilizopita, na badala yake nilikudanganya.

Jana asubuhi nilikuwa ndani nikisoma. Nikakusikia uwanjani ukiwafukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa. "Haya! Haya! Tokeni hapo!" Nikaweka kitabu chini. Nilijua ni wewe, maana hapakuwa na mtu mwingine, lakini sauti haikuwa yako. Ilikuwa inakwaruza, inapasuka katikati, kisha inamalizikia kwenye upepo. Nimeisikia sauti hiyo kwa wanawake watatu wa nyumba yetu, mmoja baada ya mwingine. Wote watatu wamezikwa.

Nilitoka nikakuuliza, "Una nini kooni?"

Ukasema, "Mafua tu, Baba. Yamegoma kuondoka." Kisha ukacheka. "Si naongea kama mlevi wa Jumamosi?"

Nilicheka nawe. Nisamehe kicheko kile.

Hujawahi kuishi bondeni, kwa hiyo lazima nikueleze kwanza sauti ilikuwa na kazi gani kwetu. Mpunga ukianza kushika maziwa, ndege hushuka kwa makundi, na shamba la familia nzima linaweza kwisha kwa siku mbili. Wakati wetu, kila nyumba ilihamia shambani, ng'ambo ya Lupiro kuelekea kwenye mbuga, tukaishi kwenye madungu, yaani vibanda vya miguu mirefu vilivyosimama juu ya maji. Wanaume walivua. Wanawake waliamia ndege: walikaa juu ya dungu na kupiga kelele tangu alfajiri mpaka jua linapozama. Kila mwanamke alikuwa na ukelele wake. Maji yalikuwa yametandaa kila upande, hayana cha kuzuia kitu, na sauti ilipita juu yake kama inatembea kwa miguu. Ulimtambua mke wa jirani ambaye hata paa la dungu lake hulioni. Na koo la mtu likibadilika, bonde zima lilijua kabla yake.

Bibi yangu, mama yake baba, alivimba shingo akiwa na miaka kama hamsini na mitano. Sauti yake ikakauka, ikawa ile niliyokueleza. Alipofariki hakuna aliyeshangaa. Rovu lilikuwa jambo la kawaida kwa wazee walioteremka kutoka milima ya Mahenge. Chumvi ya siku zile haikuwa na madini joto, na shingo nene tulizihesabu kama mvi. Alizikwa, tukaendelea.

Mwaka wa tatu baada ya mazishi nilikuja shambani likizo kutoka chuo cha ualimu. Asubuhi moja ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, huoni mbele hata urefu wa mtumbwi. Nikamsikia Bibi akiamia ndege. Sisemi nilisikia sauti iliyofanana na ya Bibi. Nasema nilimsikia Bibi. Baba alikuwa karibu yangu akifunga ndoano. Mikono yake ikasimama.

"Umesikia?" akauliza, bila kunitazama.

"Nimesikia."

"Usimwambie mama yako."

Ukungu ulipoinuka tukaona kwamba sauti ilikuwa inatoka kwenye dungu la Shangazi Skolastika, dada yake baba. Alikuwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, anawatukana ndege kwa koo la mama yake aliyekufa.

Shangazi alikuwa mwanamke wa utani mwingi. Hakuolewa, au tuseme aliolewa akarudi, na alisema mume wake alikuwa anakoroma kuliko kiboko. Alikuwa na miaka arobaini hivi. Msimu ule alianza kufunga kitambaa shingoni, hata jua linapochoma. Tulipomuuliza, alisema anaficha dhahabu. Watu walicheka, lakini baadaye, wakiwa wenyewe, walisema amerithi sauti ya marehemu, na kwamba sauti hairithiwi bure.

Miaka michache baadaye nilipangiwa kufundisha shule ya msingi ya kijiji chetu. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Dada yangu Leokadia alikuwa na ishirini na tisa na watoto wawili. Ukelele wake ulikuwa mzuri kuliko wote bondeni, mwembamba, unapanda juu kisha unavunjika kama kicheko. Msimu ule ukaanza kukwaruza. Alisema ni vumbi la pumba, kisha akasema ni mafua. Mpunga ulipoiva sauti ilikuwa imekamilika, na asubuhi za ukungu tulimsikia tena Bibi, safari hii akitoka kwenye koo la tatu. Shangazi wakati huo alikuwa amebaki na mnong'ono tu. Unaweza kuona jinsi jambo hilo lilivyoonekana kwa watu. Sauti ilikuwa imemtoka mmoja ikamwingia mwingine, na wote tuliisikia ikihama.

Ukoo ukakaa kikao. Baba mkubwa ndiye aliyezungumza, na nakumbuka maneno yake kwa sababu yalikuwa ya mtu anayefikiri vizuri.

"Kitu hiki kinachagua," alisema. "Wanaume hakiwashiki, kinashika wanawake. Wanawake wa nyumba nyingine hakiwashiki, kinashika wa kwetu. Hakingoji mtu azeeke. Kinakaa shingoni, kwanza kidogo, kisha kinachukua sauti. Sasa niambieni, ugonjwa gani unajua kuchagua namna hiyo?"

Akanigeukia.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Unasemaje?"

Generosa, ningeweza kusema sijui. Neno hilo linatosha kuokoa mtu. Lakini nilikuwa kijana, wazee walikuwa wananitazama, na nilikuwa na kitu nilichokiona kwa macho yangu. Wiki moja kabla, nilifika dunguni kwa Leokadia bila kupiga hodi. Nilimkuta Shangazi amepiga magoti mbele yake, anamshika shingo kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayepima embe kama limeiva. Kisha akaingiza vidole vile vile chini ya kitambaa chake, akajishika mwenyewe. Waliponiona walishtuka.

Nikakieleza kikao nilichokiona, sikuongeza hata neno. Ukweli mtupu, na ndio uliomwangamiza.

Kwetu, aliyeshukiwa uchawi hapigwi wala hafukuzwi. Ananyolewa. Anapelekwa kwa mganga mlimani, ananyolewa nywele zote kwa wembe, anapewa dawa ya kunywa, na inaaminika kwamba akitoka hapo nguvu yake imekwisha, na yule aliyedhuriwa naye atapona. Lakini haendi peke yake. Aliyemtaja lazima naye anyolewe, na mgonjwa pia, ili dawa isiwe na upande. Ndiyo maana tulikwenda watatu: Shangazi, Leokadia na mimi, na ndugu wachache wa kushuhudia. Tulitembea siku nzima. Leokadia alikuwa anapumzika kila mara, na aliyembebea mzigo wake alikuwa Shangazi.

Mganga alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alituketisha kwenye mkeka mmoja.

"Nani amemtaja mama huyu?"

"Mimi," nikasema.

Shangazi akanigeukia. Kwa mnong'ono wake uliobaki akasema, "Sema kwa sauti, Mwalimu. Hata darasani kwako unajificha hivyo?"

Watu wawili watatu wakacheka, hata mganga. Nikasema tena, kwa nguvu. Kisha msaidizi akamwambia avue vitambaa, cha kichwani na cha shingoni.

Alikuwa na uvimbe upande wa kulia, chini kidogo ya koromeo, ukubwa wa yai la kuku. Leokadia alikuwa nao mahali pale pale, mdogo zaidi. Walikaa bega kwa bega, vichwa vimeanza kunyolewa, shingo wazi, na kila walipomeza mate vitu vile viwili vilipanda na kushuka pamoja, kwa mwendo mmoja, kama vinaitikiana. Sijaona tena kitu kilichonitisha namna hiyo.

"Kumbe anacho mwenyewe!" mtu mmoja nyuma akapiga kelele. "Mama wa kile cha mwenzake!"

Hapo kila mtu akaridhika. Ushahidi ulikuwa umekaa mkekani. Lakini mimi nilikuwa nimesoma urithi chuoni. Niliwafundisha watoto darasani kwamba mtu anaweza kuchukua pua ya babu yake na hasira za bibi yake. Nilizitazama shingo zile mbili na wazo likanijia wazi kabisa: hawa ni ndugu wa damu, na huu ni ugonjwa mmoja. Lilikaa kichwani kwa muda ambao wembe ulitoka paji la uso wangu mpaka kisogoni. Kisha nikaliacha lipite, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusema neno langu mara mbili mbele za watu.

Kurudi, Shangazi alinisogelea njiani. Kichwa chake kilikuwa kinang'aa, na mimi changu.

"Tumependeza," alisema. "Tunafanana sasa." Akatembea kidogo. "Nilimshika Leokadia ili nijue kama cha kwake ni kigumu kama changu. Ni kigumu. Mpeleke hospitali Ifakara, Mwalimu. Mimi nimechelewa. Yeye bado."

Nilimwambia baba. Baba akasema amekwisha kunyolewa, tukienda hospitali sasa tutaiharibu dawa. Nikanyamaza. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto tu, safari ya nusu siku. Miezi minane nilifundisha hesabu kila asubuhi; mwanzoni nilimsikia dada yangu akiamia ndege, kisha nikawa simsikii tena. Alizikwa mwezi wa Desemba. Shangazi alikuja mazishini akasimama mbali, karibu na matete, na hakuna aliyemkaribisha. Nilitazama chini.

Niliomba uhamisho mahali popote penye ukame. Siku niliyovuka, ukungu ulikuwa mzito, pantoni inakwenda polepole. Katikati ya mto nikasikia ukelele wa kuamia ndege ukitoka upande niliotoka. Mpunga ulikuwa haujapandwa mwaka ule. Hapakuwa na ndege wa kufukuzwa, Leokadia alikuwa kaburini, na Shangazi hakuwa tena na sauti ya kufika hata mlangoni pake. Sikuuliza abiria wenzangu kama wamesikia. Niliogopa jibu lolote kati ya yale mawili. Mwaka uliofuata barua ilinikuta hapa Singida kwamba Shangazi Skolastika amefariki, na kwamba watu wamepumua.

Sasa nije kwako.

Wiki tatu zilizopita ulikuwa unajaza ile fomu ya afya ya kazini. Ulikuwa umekaa mlangoni, kalamu mdomoni, ukaniuliza, "Baba, kwenu kuna ugonjwa wowote wa kurithi?" Nikasema, "Hakuna." Hata sikufikiri. Miaka arobaini nimekuwa nikijibu hivyo, nimewajibu hivyo madaktari, mama yako na nafsi yangu. Wewe ukaandika neno hilo kwa wino, kwa sababu mimi ni baba yako.

Jumapili iliyofuata, mezani, uliinua uso kumalizia uji. Nikaona kitu upande wa kulia wa shingo yako, kidogo, kama punje ya karanga chini ya ngozi. Kikapanda, kikashuka. Mama yako alikuwa anaongea habari za nauli. Nadhani nilijibu.

Jumatano hii iliyopita nilikwenda zahanati, bila kukuambia. Daktari ni binti wa umri wako, ana heshima. Nikamwambia kwamba nina rafiki mwenye uvimbe shingoni na ningependa kujua ni watu gani hasa wanaopata saratani ya tezi la shingo.

"Huyo rafiki yako, mzee wangu, ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na saba."

Akatabasamu kidogo. "Una marafiki vijana, Mzee."

Kisha akanieleza kwa upole. Alisema kwanza kwamba uvimbe mwingi wa tezi hilo si saratani, na nisimtishe mtu. Alisema ukiwa saratani, mara nyingi unatibika vizuri ukiwahiwa. Halafu akanitajia inawapata nani zaidi. Wanawake, kuliko wanaume, tena kwa mbali. Na haingoji uzee kama saratani nyingine nyingi. Inaweza kumpata mtu akiwa bado kijana. Waliopigwa mionzi shingoni au kichwani walipokuwa watoto. Waliokuwa na rovu la siku nyingi, hasa mahali ambapo chumvi haina madini joto. Na wale ambao mzazi, ndugu au mtu mwingine wa damu amewahi kuugua. Aina nyingine, alisema, inateremka katika ukoo moja kwa moja, na mwanaume anaweza kuibeba akampa binti yake kabla yeye mwenyewe hajajua lolote. Aina hiyo inapimwa kwa damu. Kuhusu sauti, alisema nyuma ya tezi unapita mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, na uvimbe ukiubana au kuushika, mtu anakwaruza.

Nilikuwa namsikiliza, lakini aliyekuwa anazungumza ni baba mkubwa. Kinachagua. Kinashika wanawake. Kinashika wa nyumba moja. Hakingoji mtu azeeke. Kinakaa shingoni, kisha kinachukua sauti. Karibu neno kwa neno, mwanangu. Wazee wale hawakuwa wajinga. Waliona kila kitu ambacho daktari huyu alisomea kwa miaka mingi, wakakipanga sawasawa, na walipofika mwisho wa hesabu wakatafuta mtu wa kumnyoa. Na aliyewapa mtu huyo ni msomi wao.

"Na ndugu zake huyo rafiki?" daktari aliuliza. "Kuna aliyewahi kuvimba shingo?"

"Sijui," nikasema.

"Basi mwambie awaulize wazee wake. Huwa wanajua, wanaficha tu."

Kwa hiyo hii hapa ndiyo historia ya upande wa baba yako, iandike juu ya lile neno "hakuna". Bibi yangu, alianza akiwa na miaka kama hamsini na mitano. Binti yake Skolastika, arobaini au chini kidogo. Dada yangu Leokadia, ishirini na tisa. Wote upande wa kulia, wote walipoteza sauti, na hakuna aliyepimwa. Sijui kama ilikuwa saratani; hakuna aliyewahi kuwakata kipande cha nyama akakitazama. Baba yangu na ndugu zake wa kiume hawakuvimba. Mimi nimejipapasa kila siku tangu Jumatano na sijapata kitu, ila nitarudi kwa yule daktari kumwambia ukweli na kuomba kipimo cha damu, na majibu nitakutumia yakiwa mazuri au mabaya.

Simama mbele ya kioo, umeze maji, uone nilichokiona. Halafu kesho kutwa ukifika Ifakara, kabla hujaripoti kazini, nenda hospitali na karatasi hii mkononi. Watakupiga picha ya ultrasaundi shingoni, na wakiona haja watachukua majimaji kwa sindano nyembamba. Daktari wa hapa anasema haiumi kuliko sindano ya ganzi ya jino. Ukiona foleni ni ndefu, kaa. Ukiambiwa ni mafua, wasomee majina yale matatu. Usikubali kuondoka kwa aibu ya kuonekana mwoga. Mimi niliona aibu kubadili neno langu, na unajua sasa ilichukua nini.

Inawezekana ni kitu kidogo kisicho na ubaya. Naomba iwe hivyo, na ukinipigia kuniambia hivyo unaweza kunicheka mpaka uchoke. Kikiwa kibaya, bado umewahi kuliko wote waliokutangulia.

Huko utakutana na ndugu. Siku hizi kuna daraja, utafika Lupiro kwa bodaboda. Watakupokea vizuri, watakupikia samaki. Halafu bibi mmoja atakusikia unaongea na atanyamaza ghafla. Usimwogope. Mwambie ni ugonjwa, na unaendelea kutibiwa. Na wakikutajia Skolastika kwa lile jina walilompa, waambie kwamba mimi niliyemtaja nimesema alikuwa mgonjwa, hakuwa mchawi, na kwamba alijaribu kumwokoa dada yangu.

Najua maneno hayo ni yangu kuyasema, wala hayakupasa kuwa mzigo wako. Wiki iliyopita uliniambia, "Twende wote, Baba, ukanionyeshe kwenu," na nikajifanya sikusikia. Nilisikia. Nimejaribu wiki nzima kujiona nikisimama pale mbele ya watoto wa Leokadia, ambao sasa ni watu wazima, na kufungua mdomo. Siwezi. Wakikuuliza baba yako anakuja lini, usiwaambie habari za miguu yangu wala umbali wa safari. Waambie sitarudi.

Baba yako.